Mtoto wa Kilio

Mboni alipoingizwa nyumbani kwa marehemu Mzee Shekalaghe, wanawake walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka, wamenyamaza kama watu wanaosubiri zamu zahanati. Hakuna aliyekuwa na uso wa msiba. Mjane mwenyewe, Bi Halua, alikuwa anachambua mchele wa wageni, na aliuchambua vizuri, hakikubaki hata kijiwe kimoja.

"Mpisheni mtoto wa kilio," mtu alisema, na mikeka ikapata njia.

Mboni alikuwa na miaka tisa, mwembamba, amejifunika kanga ya mama yake mpaka miguuni. Akaketi pale alipozoea kuketishwa kwenye kila msiba, karibu na mlango wa chumba alimolazwa maiti. Mama yake, Mwantumu, akakaa nyuma yake, akamwekea chupa ya maji, maana kulia kunakausha koo. Hilo alilijua kwa kuona tu. Yeye mwenyewe hakuwa amelia tangu siku aliyofungwa kilemba cha masomo shuleni, akiwa mdogo kuliko Mboni.

Mtoto akafumba macho. Kwa muda hakikutokea kitu. Wanawake wakasubiri bila kuudhika, kwa kuwa kwenye kitongoji kizima cha Kwezizi hapakuwa na mtu aliyejua tena kuudhika. Kisha mabega ya Mboni yakaanza kutikisika, ikafuata sauti, kwanza ndogo ya puani, halafu ikapanuka mpaka ikajaza nyumba, ikatoka hadi kwa wanaume waliokuwa wanatengeneza jeneza nje. Nyundo zikanyamaza.

Usidhani watu wale walihuzunika. Hawakuwa na uwezo huo. Ilikuwa kama mtu aliyetoka nyumbani akiwa hana hakika kama amefunga mlango, akarudi, akakuta umefungwa. Wakashusha pumzi. Bi Halua akaacha mchele, akasikiliza mtoto wa watu akimlilia mume wake, akatikisa kichwa polepole kwa kuridhika.

"Amelia vizuri," alimwambia Mwantumu walipokuwa wanaagana, akampa mfuko wa maharage. "Mzee ameondoka kwa heshima."

"Ahsante, Bi Halua."

Njiani, walipofika penye ua wa michongoma, Mboni aliinama akatapika maji matupu. Mwantumu akamshika kiuno asianguke, akasubiri amalize.

"Umekula nini?"

"Sijala."

"Kumbe ndiyo sababu. Siku nyingine ule kwanza."

Mboni alimtazama mama yake kwa muda mrefu, macho yamevimba, kama anayetaka kuuliza kitu akaona hakuna wa kumuuliza. Wakaendelea kushuka.

*

Chumba cha kusomea kilikuwa kile cha mbele, chenye dirisha linalotazama mipeasi. Aliyekitenga ni Hozza, baba yake Mboni, na sheria zake mbili zilikuwa zinafuatwa hadi leo ingawa mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa pili. Ya kwanza, anayeingia darasani avue viatu, mambo ya nje yabaki nje. Ya pili, mwalimu hafanyi zoezi la mwanafunzi.

Hozza alikulia kwenye kambi za wapasua mbao ndani kabisa ya msitu, ambako shule haikufika, kwa hiyo kilemba hakikuwahi kukigusa kichwa chake. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka anapaliwa, na wa kununa siku nzima kwa sababu ya chai iliyopoa. Majirani walimvumilia kama wanavyovumilia redio ya mzee asiyesikia vizuri. Mwantumu aliolewa naye kwa kuwa alikuwa mchapakazi na nyumba yake haivuji. Akamzalia Mboni. Hozza akasema mtoto huyu atasoma nyumbani, akamfundisha mwenyewe kuanzia herufi, na alipokufa kwa homa ya mapafu akaacha maagizo kwamba hali hiyo isibadilike. Mwantumu alikuwa mtu wa kufuata maagizo.

Siku iliyofuata ile ya msiba, Mwantumu alimwaga mapeasi mkekani, akahesabu kumi na saba.

"Wagawie watoto watano."

Shuleni, mtoto wa rika lake angejibu kabla swali halijaisha. Mboni aliyasogeza mapeasi kwa kidole, akayapanga, akayavuruga, akayapanga tena.

"Kila mtu matatu. Yanabaki mawili." Akafikiri. "Hayo mawili anapewa nani?"

"Yanabaki tu."

"Hayawezi kubaki tu, mama. Kuna mtu atayala. Kama mmoja anaumwa je?"

 Kilemba kilimpa Mwantumu hesabu zote za kugawanya alizozihitaji maishani, lakini hapakuwa na mahali kilipomwambia masalio yanakwenda wapi. Maswali ya Mboni yalikuwa hivyo. Aliwahi kuuliza kwa nini mpeasi uliokatwa matawi unazaa zaidi kuliko ulioachwa, wakashinda shambani wakitazama. Akauliza kwa nini mto umechorwa kwa rangi ya bluu wakati ule wa kwao ni wa udongo, wakaenda mtoni na chupa. Somo moja liliweza kula wiki. Hozza aliona ni sawa. Mtoto akishindwa, alikuwa anasema: tutarudia kesho. Ndiyo faida ya nyumbani, alisema, kesho ipo. Kilemba hakina kesho. Kinamimina kilichonacho, kimemaliza.

Siku hiyo Mwantumu aliandika hesabu nyingine ubaoni. Mboni akaishika chaki, asiandike. 

"Tutarudia kesho," Mwantumu alisema.

"Mama, mimi nataka kwenda shule."

"Kufanya nini?"

"Kufungwa kilemba."

Mwantumu akakaa vizuri mkekani. Hakushtuka, maana hakuwa na cha kushtukia, lakini alijua hili ni jambo kubwa na linataka utulivu, na utulivu alikuwa nao tele.

"Umechoka kusoma na mimi?"

"Nimechoka kulia."

"Ukilia si kunakwisha? Jana umelia, leo hulii."

Mboni akaiweka chaki chini. "Mama, mimi Mzee Shekalaghe nilikuwa simjui. Nilimwona mara moja anauza tumbaku. Mtu nisiyemjua nitamliliaje? Nikikaa pale, nafumba macho, namfikiria baba anavyotolewa mlangoni. Wanaume wamemnyanyua, mguu wa jeneza unagonga mwimo. Ule mlio. Nikiusikia ule mlio, nalia."

"Kila mara?"

"Kila mara. Kwa Bi Mwanasha, kwa mtoto wa fundi, kwa wote. Kila wakifa watu, mimi namzika baba."

Upepo ukapita kwenye mipeasi. Mwantumu alikuwa anaiangalia mikono yake. Alikuwa amefanya kosa, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa zamani asingelifanya hata akiwa mlevi. Alidhani kulia ni kama kupiga chafya. Kunakuja, kunatoka, mtu anajifuta, anaendelea na kazi. Majirani walipomwona Mboni akimlilia baba yake, wakaja na kumwomba awasaidie kwenye msiba wao, yeye aliona ni kama kuazimwa kinu. Jirani akihitaji kinu unampa. Akamtoa mtoto wake nyumba kwa nyumba kwa muda wote huo, na chupa ya maji akamwekea.

Mtu mwingine hapo angejipiga kifua. Mwantumu alijua kwamba hapo ndipo watu hujipiga kifua. Mkono wake ukabaki mapajani.

"Kilemba kitaondoa hayo," alisema, kwa sababu hakutaka kumdanganya. "Siku ya kwanza tu. Mimi nilikuwa naogopa sana shule. Mwalimu wetu alikuwa na fimbo, na nyumbani babu yako alikuwa na mkanda. Nikafungwa kilemba asubuhi, na mchana nikawa siogopi fimbo wala mkanda. Baadaye vyote vikatupwa, maana hakuna aliyevihitaji tena."

Hilo lilikuwa kweli, na wanaokilaani kilemba wasilisahau. Kilikuwa kitambaa cha kijivu kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kilipofungwa kichwani, kilitafuta ndani ya ubongo mahali ambapo wataalamu walisema panapigwa kengele, yaani hofu, wivu, uchungu, kumkumbuka mama nyumbani, vitu vyote vinavyomtoa mtoto kwenye somo. Kikaipunguza sauti ya kengele hiyo, kisha kikamimina somo mahali palipotulia. Watoto wakamaliza darasa la saba kabla hawajang'oa meno yote ya utoto. Vita vya baa vikaisha, wake wakaacha kupigwa. Kengele tu ndiyo haikupanda tena. Wataalamu walisisitiza kwamba ni sauti iliyopunguzwa, si waya uliokatwa, na kwamba kinadharia inaweza kupandishwa. Lakini hakuna aliyejaribu. Nani angetaka, na angetaka kwa moyo upi?

"Nikifungwa, baba nitamsahau?"

"Hapana. Utakumbuka kila kitu."

"Kama wewe?"

"Kama mimi."

"Wewe unamkumbukaje?"

Mwantumu akafikiri. "Alikuwa mrefu, akiingia mlangoni anainama. Chai alikunywa bila sukari. Alizaliwa mwaka wa mafuriko. Alipenda kukaa dirishani hapo."

"Halafu?"

"Basi."

Mboni akasogea karibu, akamshika mama yake mkono kwa mikono yake miwili, kama wanavyofanya watu wazima kwa mfiwa.

"Pole, mama," alisema.

Mwantumu alikuwa amepewa pole na kitongoji kizima siku ile ya mazishi. Hakuwahi kuona pole inayokuja na kitu ndani yake, na hakuwa na pa kukiweka.

*

Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Shekiondo, alimkuta Mwantumu kwenye kitalu anabebesha miche, anakata ncha ya mche wa kienyeji na kuifunga juu yake tawi la mpeasi mzuri. Akabisha hodi kwa adabu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mama Mboni, mama yangu anakwisha," alisema, kama anayesema mahindi yamekauka. "Mganga wa zahanati anasema wiki hii haimalizi. Nimekuja mapema ili Mboni asije akaahidiwa kwingine."

"Pole, Mwenyekiti. Lakini Mboni haji tena kwenye misiba."

"Anaumwa?"

"Kulia kunamuumiza."

Shekiondo alilipima jambo hilo. "Sisi wote tulijua kunaumiza. Si ndiyo maana tulikubali kilemba?"

"Mimi sikukumbuka."

"Hata mimi, ulivyosema ndiyo nakumbuka." Akavuta jani la mche, akaliangalia. "Sasa tutafanyaje? Kibali cha kumsomesha nyumbani kinakwisha mwezi huu. Kamati ilikuwa inatia sahihi kwa sababu mtoto ana kazi kitongojini. Kama hana kazi, hana tofauti na mtoto mwingine, na mtoto mwingine anakwenda shule."

"Hamtatia sahihi."

"Hatutatia. Sisemi kwa ubaya, Mama Mboni."

"Najua. Hakuna mwenye ubaya hapa."

"Ungekuwa na wawili usingenihitaji. Wanafunzi wawili ni darasa, na darasa huruhusiwa na Afisa Elimu peke yake. Mmoja ndiye anayehitaji sahihi za kitongoji. Sheria hiyo waliitunga wajinga, lakini ndiyo sheria." Akasimama, akajipangusa suruali. Alikuwa amekwisha kupiga hatua kadhaa alipogeuka.

"Jana nimeshinda na mama," alisema. "Akanishika mkono, akaniita kwa jina la utotoni. Nikautazama mkono wake. Nikaona una mishipa. Nikakaa naangalia ile mishipa hadi akalala. Hakuna kingine nilichoona, Mama Mboni. Ndiyo sababu ninataka mtu amlilie."

Ungemsikia mtu yule ungetaka umshike mabega umtikise, au umkumbatie, moja kati ya hayo. Mwantumu alirudi kwenye miche yake. Alifunga mmoja, akaufungua, akaufunga upya.

Alikuwa amekwama. Akimtoa mtoto, kibali kitapatikana, na kila atakapokufa mtu Kwezizi, Mboni atamzika baba yake upya hadi siku atakayovunjika. Asipomtoa, kilemba kitafungwa, na Hozza, aliyebaki hai ndani ya mtu mmoja tu duniani, atabaki urefu wake na chai yake bila sukari. Mtu mwenye moyo angeuliza moyo wake. Mwantumu aliuliza wake na hakusikia kitu, kama anayepiga hodi nyumba waliyohama. Ikabidi atumie kichwa peke yake. Akabebesha miche mpaka jua likaegemea mlimani, na kichwa kikafanya kazi.

*

Afisa Elimu aliyekuja kibali kilipokwisha alikuwa mwanamke wa makamo, Nsia Urio, mwenye viatu vya kutembelea milima na kibao cha skrini cha kazi begani. Alipoambiwa avue viatu mlangoni alivua bila kuuliza.

Akamhoji Mboni kusoma, kuandika, mito na milima. Mtoto alijibu mengi, mengine akakosa. Kwenye hesabu, Nsia akamwambia, "Baba ameacha ng'ombe kumi na wawili na watoto wanne. Kila mtoto anapata wangapi?"

"Watatu," Mboni akasema. Halafu akauliza, "Baba amekufa?"

Nsia akainua macho. Alikuwa ameuliza swali hilo vijiji vyote vya milima ile, na hapakuwa na mtoto aliyewahi kuuliza.

"Haikuandikwa."

"Si umesema ameacha? Basi amekufa. Hao watoto watagawana ng'ombe siku hiyohiyo?"

 Afisa akaandika kitu kirefu kwenye kibao.

"Anachelewa," alimwambia Mwantumu, "lakini anafika mahali wengine hawafiki. Sina kisanduku cha kuweka alama hiyo." Akatelezesha kidole. "Hata hivyo sahihi za kamati sizioni."

"Hazipo."

"Basi." Nsia akatoa begani utepe laini wa kupimia kichwa, ule unaotumika kuagizia kilemba. "Njoo, mwanangu. Haiumi."

Mboni akasimama.  Alikuwa amelitaka jambo hili kwa mdomo wake mwenyewe, na sasa lilikuwa hapo, limekunjwa kwenye mkono wa mgeni. Akamgeukia mama yake.

"Afisa, subiri kidogo," Mwantumu alisema. "Darasa hili lina wanafunzi wawili."

"Mwingine yuko wapi?"

"Ni mimi."

Nsia akamtazama paji la uso, palipokuwa na ile alama hafifu waliyonayo wote waliowahi kufungwa, kama alama ya kofia iliyobana. "Wewe umekwisha kusoma."

"Kilichofundishwa na kilemba nakijua chote. Hiki hakikufundishwa."

"Somo gani?"

"Kulia."

Mahali pengine mtu angecheka. Nsia alifungua sheria kwenye kibao, akaisoma kwa makini, midomo ikicheza. "Umri wa mwanafunzi haukutajwa," alisema baada ya muda. "Wala wa mwalimu. Mwalimu ni nani?"

Hapo Mwantumu alimgeukia mwanawe. Hili hawakuwa wamelizungumza. Alikuwa ameogopa, kama neno hilo linafaa, kumpa mtoto tumaini ambalo huenda lisikubaliwe.

"Mboni, kilemba bado unaweza kukichagua. Sitakuzuia, na wala sitasema ulikosea. Ila misiba ya watu imekwisha, ukivae usikivae. Ninachokuomba ni unifundishe mimi."

"Lazima nilie ili uone?"

"Hapana. Mwalimu hafanyi zoezi la mwanafunzi."

Mboni akafikiri, akakuna mguu mmoja kwa kidole cha mguu mwingine. Alikuwa ameanza kusema akasita, akasema.

"Na ukishindwa?"

"Sijui. Ulipokuwa unashindwa wewe tulikuwa tunafanyaje?"

Mtoto akatazama ule utepe, akatazama dirisha alilopenda kukaa baba yake. "Basi sawa," alisema. "Lakini usinikimbize. Na ukichoka useme."

Nsia Urio akaandika: darasa, wanafunzi wawili, walimu wawili. "Kiwango cha mwanafunzi wa pili?"

"Hajui kitu," Mboni akajibu badala ya mama yake.

"Nitarudi mwisho wa muhula kupima. Nikikuta hakuna kilichosogea, darasa linafungwa na mtoto anakwenda shule. Unaelewa?"

"Naelewa," Mwantumu alisema.

Afisa akaukunja utepe. Mlangoni, akifunga kamba za viatu, alisema bila kumwangalia mtu, "Mimi nina watoto watatu. Wote wamefungwa. Wanasalimia vizuri sana." Akanyanyuka, akaenda zake.

*

Somo la kwanza lilifanyika asubuhi yenye ukungu. Mboni alileta vitu vya baba yake kutoka chumba cha ndani: msumeno wa mkono, koti la mvua, kikombe cha bati kilichobonyea. Akavipanga mkekani alivyokuwa akipanga mapeasi.

"Anza na kidogo," alimwambia mama yake. "Usianze na mlangoni, pale ni mbali. Chukua kikombe."

Mwantumu akakishika.

"Kinasema nini?"

"Hakisemi. Ni kikombe."

"Baba alikuwa anakiwekaje akimaliza chai?"

"Alikifunika juu chini. Kwenye dirisha."

"Kwa nini?"

Mwantumu akafungua mdomo kusema ni ili nzi wasiingie. Lakini haikuwa hivyo. Walikuwa na kabati la vyombo, na lilikuwa na mlango. "Sijui," alisema. "Kila siku nilikitoa dirishani nikakirudisha kabatini. Hakuwahi kuniambia kwa nini anakiweka pale."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Mimi nilimuuliza." Mboni alisema hivyo polepole, anajichunga, maana yeye alikuwa mwalimu na hakutakiwa kutangulia. "Alisema anapenda kukuona unavyokuja kukichukua. Unakuja hapa, unamsogeza mkono, unachukua kikombe. Alisema ndiyo saa pekee ulikuwa unamgusa bila sababu ya kazi."

Kikombe kilikuwa baridi. Mwantumu alikizungusha, akapata bonyeo, kidole gumba kikaingia humo kana kwamba kilikuwa kinapajua. Akangoja. Aliifuata ile habari ndani yake kama mtu anayeshuka kisimani kwa kamba, akashuka, akashuka, na kamba ikaisha kabla ya maji.

"Hakuna," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hapa." Akagusa chini ya koo. "Pamebana. Lakini huenda ni ukungu."

Mboni alimsogelea akampapasa pale, kwa uzito wa mtu anayekagua kazi. "Tutarudia kesho," alisema. "Hata mimi kugawanya nilichelewa."

Wakasikia kikohozi nje. Bwana Shekiondo alikuwa amesimama kwenye ngazi, ukungu umemlowesha mabega, na haikujulikana amesimama pale kwa muda gani. Mwantumu akanyanyuka haraka akajiweka kati yake na mtoto.

"Mwenyekiti, nilikwambia Mboni haji."

"Sikumfuata." Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, bapa. "Mama amekata roho alfajiri. Watu wamekwisha kukaa, wananisubiri mimi nije na mtoto. Nikatoka, nikafika hapa, nikasikia mnasoma."  Mikono yake ilikuwa mbele yake, viganja juu, kama iliyoshika kitu, na alikuwa anaiangalia. "Nilipokuwa mdogo alikuwa ananinawisha hii. Nimekumbuka njiani. Sasa nikishakumbuka, nafanya nini?"

 Mwantumu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akageuka, na Mwenyekiti naye akatazama alikotazama, na watu wazima wawili wakamsubiri mtoto wa miaka tisa aliyeketi katikati ya msumeno na koti la mvua.

Mboni hakuwa na haraka. Akakichukua kikombe kwa mama yake, akakiweka dirishani, juu chini. Akasogea kando, ikabaki nafasi ya mtu mmoja mkekani.

"Vua viatu kwanza," alisema.